Naambiwa moyo ni mzima, lakini hofu imenimalizia mtaji

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 36. Naishi Likoni, Mombasa, na nauza nguo za watoto soko la Kongowea, mitumba ya daraja la kwanza, ile tunayoiita kamera. Mume wangu ni kibarua bandarini. Kazi za bandarini siku zipo, siku hazipo, kwa hivyo kwa miaka mingi meza yangu ndiyo iliyokuwa ikilipa karo.

Mwaka jana asubuhi moja nikiwa kwenye feri, nimesimama katikati ya watu, moyo ulianza kunienda mbio bila sababu. Ulikuwa unapiga mpaka nikausikia shingoni. Jasho likanitoka, mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, pumzi ikawa haishuki. Nilijua ndiyo nakufa. Nilimshika mama mmoja nisiyemjua nikaanza kutoa shahada. Tulipofika ng'ambo watu walinipakia tuktuk mpaka hospitali. Nilipimwa presha, damu, sukari, nikafungwa nyaya za kupimia moyo. Mpaka majibu yanatoka mimi mwenyewe nimeshatulia. Daktari akasema moyo ni mzima, labda ni stresi, niende nikapumzike.

Tangu siku hiyo raha imenitoka. Hali ile ikawa inarudi. Sokoni, ukumbini kwenye harusi ya binamu yangu, hata usiku wa manane nimelala. Kila ikinijia tunakimbilia hospitali, na usiku zilizo wazi karibu nasi ni za watu binafsi. Usiku mmoja tu wa kulazwa nilitoka na bili ya Sh11,000. Nimefanyiwa eko ya moyo, nimepigwa picha ya kifua na skani ya kichwa. Majibu ni yale yale: hakuna kitu.

Wifi yangu akanipeleka kwa mganga, akasema nina ruhani anayetaka kiti. Tukanunua mbuzi, ubani, marashi na nguo nyekundu. Maalim wa mtaani naye alinisomea na kuninywesha kombe. Yeye hakunitoza kitu, nilimpa sadaka tu. Nilitulia wiki chache, kisha yakarudi.

Feri sasa siiwezi kabisa. Kwa mtu wa miguu feri ni bure, lakini mimi nazunguka: matatu hadi Ngombeni, gari ya Dongo Kundu hadi Miritini, kisha niingie mjini ndipo nivuke kwenda Kongowea. Nauli inayozidi ni kama Sh250 kwa siku, na nikifika wenzangu wameshafungua mitumba na kuchagua vizuri vyote. Siku nyingine siendi. Nimemwachia meza kijana mmoja, na mauzo anayoniletea ni yale anayotaka yeye.

Duka la dawa la hapa mtaani wananiuzia daizepamu, dawa ya kutuliza, bila karatasi ya daktari. Mwanzo nusu kidonge kilitosha. Sasa nameza viwili kabla sijatoka nyumbani na bado natetemeka.

Risiti nimezitia kwenye bahasha. Za hospitali peke yake zimefika Sh78,000. Za mganga hazina risiti, ila najua zimepita Sh26,000. Chama wananidai, mikopo ya simu inanidai, na hereni za dhahabu alizonipa mama nimeziuza. SHA, ile bima ya afya ya serikali, sijamaliza kulipa ya mwaka.

Sasa kuna mtu kaniambia vipimo vyote nilivyofanya ni vya juu juu, kwamba kuna kile cha kuingiza mpira mwembamba kwenye mshipa mpaka moyoni, na ndicho kitakachosema ukweli. Mume wangu hataki kusikia. Anasema natafuta huruma. Mama mkwe anasema nimeonja raha ya kulala. Nimefikiria kuuza friji na cherehani ninayorekebishia nguo, niende nikapimwe kwa siri. Nifanye hivyo? Na kama si moyo, ni kitu gani hiki?

Mama Watatu, Likoni


Marahaba, mwanangu.

Cherehani usiuze. Friji pia liache lilipo. Kipimo ulichoambiwa kipo kweli, na kina watu wake: yule ambaye kifua kinambana akipanda ngazi au akibeba mzigo na kumwachilia akipumzika, au ambaye vipimo vya kwanza vimeonyesha kasoro. Ni kipimo cha kuingizwa kifaa mwilini, kina hatari zake, na anayekiamua ni daktari wa moyo baada ya kukusikiliza na kukupima, si mtu wa kukutana naye njiani. Kwa haya uliyoyaandika, sioni sababu ya wewe kuvunja nyumba ili ukilipie.

Mimi si daktari, na ugonjwa haupimwi kwa barua. Lakini nimekusoma mara mbili tatu na nataka uende hospitali ukaulizie jambo moja kwa jina lake: ugonjwa wa hofu ya ghafla. Wahudumu wengi utawasikia wakiuita paniki. Ni ugonjwa unaotambuliwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeuorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea tangu 1980. Dalili zake ni kama ulizonitajia: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, ganzi, kifua kubana, kukosa pumzi, na yakini kwamba unakufa au unarukwa na akili. Huja bila kubisha hodi, hata usingizini. Na baada ya mara chache mtu huanza kuishi kwa kuingoja mara nyingine, akikwepa hapa na pale pasije pakamkuta tena. Hapo ndipo inapokuwa ugonjwa, maana kushikwa na hofu ya namna hii mara moja tu maishani huwatokea watu wengi na wakaendelea na shughuli zao.

Kinachotokea ndani ya mwili ni hiki. Mungu ametuumbia njia ya kujiokoa mbele ya hatari. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia ili kupeleka damu kwenye misuli, na pumzi huongezeka. Ukikutana na nyoka shambani, yote hayo yana kazi. Kwako wewe yanawaka bila nyoka. Kisha, kwa vile unahema haraka haraka, kabonidioksidi inapungua mno kwenye damu, na hapo ndipo zinapotokea zile ganzi za vidole, kizunguzungu na hisia kwamba pumzi haishuki. Pumzi unayo, tena imezidi. Kilele chake hufika ndani ya dakika 10 hivi, halafu hali hushuka yenyewe. Ndiyo maana mpaka ufike hospitali, ulipe, uandikishwe na kufungwa nyaya, mashine haioni kitu. Wala mashine haikukosea.

David Clark, mwanasaikolojia wa Oxford, alieleza mwaka 1986 namna mtu anavyonaswa. Moyo unadunda kidogo, labda kwa joto au uchovu. Mtu anauhisi na kuutafsiri kuwa ni kifo. Tafsiri hiyo inamtia hofu, hofu inauongeza mdundo, na mdundo unaithibitisha ile tafsiri. Ndani ya dakika chache mtu mzima mwenye akili zake anatoa shahada mbele ya abiria. Kwa hivyo hudanganyi, na hutafuti huruma ya mtu. Mateso ni ya kweli. Kilichokosewa ni jina la ugonjwa, na jina likikosewa pesa huenda kusikohusika.

Tuifungue sasa hiyo bahasha yako.

Sh78,000 za hospitali zimelipa kuulizwa swali moja tu, tena lile lile: je, moyo ni mzima? Umejibiwa kila mara kwamba ni mzima. Hakuna hata risiti moja uliyonitajia iliyolipa kutibiwa hofu. Ni kama mtu anayemlipa fundi wa paa kila mvua ikinyesha, na maji yanaingilia dirishani. Siwatupii lawama wewe wala waliokupokea usiku, maana mtu akiletwa ameshika kifua ni lazima moyo uangaliwe kwanza. Lakini hata wataalamu wakubwa wameupita ugonjwa huu bila kuuona. Montreal, Kanada, watafiti waliwachunguza wagonjwa 441 waliofika na maumivu ya kifua kwenye chumba cha dharura cha hospitali ya moyo. Karibu robo yao walikuwa na ugonjwa wa hofu ya ghafla. Matokeo yalitoka 1996, na linaloniuma ni hili: kati ya hao wenye ugonjwa, asilimia 98 hawakutambuliwa na madaktari wa moyo waliowahudumia. Walirudi nyumbani kama ulivyorudi wewe, wameambiwa hawana kitu.

Pesa za namna hiyo zikijumlishwa nchi nzima hutisha. Wataalamu wa Marekani walipiga hesabu ya gharama za magonjwa ya hofu kwa mwaka 1990 wakapata kama dola bilioni 42. Zaidi ya nusu haikwenda kwenye matibabu ya akili. Ilikwenda kwenye matibabu mengine ya hospitali, yaani kwenye bahasha kama yako.

Halafu kuna pesa ambazo hukuziwekea risiti. Sh250 za nauli ya kuzunguka, kwa siku 24 za kazi, ni Sh6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh72,000, karibu sawa na bili zako zote za hospitali, nazo unazitoa ili usipande chombo ambacho ni bure. Sijahesabu nguo nzuri unazozikosa kwa kuchelewa, siku unazolala nyumbani, wala kile kinachopotelea mikononi mwa kijana. Kwako wewe, ugonjwa huu unaweza kuwa unakula zaidi kwa kukwepa kuliko kwa hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na magonjwa ya hofu huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1 hivi. Hapa Kenya, ripoti ya Wizara ya Afya ya 2021 ilikadiria kwamba maradhi ya akili yanaigharimu nchi kama Sh62 bilioni kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni kazi isiyofanyika, si dawa. Ukisikia takwimu kama hizo redioni, ujue na meza yako ya Kongowea imo.

Kwa hivyo ufanye nini?

Chukua bahasha yote, na karatasi zote za majibu, uende mchana, siku umetulia, kwa daktari mmoja au afisa wa kliniki mmoja. Mmoja tu, na uendelee naye huyo huyo. Mwambie: "Nimepimwa haya yote. Naomba uangalie kama kuna kilichosahaulika, kisha uniambie kama hii ni paniki." Huenda akataka kupima tezi ya shingoni, ile thairoidi, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na kutetemeka. Ataangalia upungufu wa damu. Atakuuliza unachokula na kunywa, na umjibu kweli: kahawa tungu, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, muguka, dawa ya pumu ya kuvuta. Vyote hivyo vinaweza kuusukuma moyo. Vipimo hivi vikiwa safi, mlango wa vipimo ufungwe. Utafunguliwa tu kukitokea jambo jipya, kama vile kuzimia kabisa, kifua kubana unapojitahidi na kupoa ukipumzika, kukohoa damu, upande mmoja wa mwili kulegea. Hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo bila kujadiliana.

Matibabu yenyewe ni ya njia mbili, na unaweza kutumia moja au zote.

Ya kwanza ni mazungumzo yenye mpango na mtaalamu aliyesomea. Si ya kuambiwa "jikaze" wala "usiwaze". Atakufundisha kuitambua ile tafsiri ya kifo na kuijaribu kama ni kweli. Atakufanya uhisi moyo ukidunda kwa makusudi, kwa kupanda ngazi haraka au kuhema kwa kasi mbele yake, mpaka mwili ujifunze kwamba mdundo peke yake haudhuru. Usione jambo la ajabu. Ndiyo kazi yenyewe. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza unapendekeza saa 7 hadi 14 kwa jumla, mara moja kwa wiki. Ni miezi michache, mwanangu, si maisha yote. Waingereza walipoanza mwaka 2008 kuifikisha huduma hiyo kwa umma, hoja iliyosukumwa na mwanauchumi Richard Layard pamoja na Clark yule yule ilikuwa ya pesa: matibabu yatajilipa, kwa sababu aliyepona hurudi kazini na kuacha kuzunguka hospitali. Wala usiseme hayo ni ya Ulaya. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii, si madaktari, walifunzwa kutoa vikao vitano vya msaada wa nafsi kwa wanawake zaidi ya 400 wenye dhiki. Utafiti ulitoka 2017 na ukaonyesha waliohudumiwa walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Haukuwa ugonjwa wako hasa, lakini unaonyesha msaada wa aina hii unaweza kutolewa kwetu na kwa gharama ndogo.

Ya pili ni dawa. Zinazotumika kwanza ni za jamii ya fluoksetini na satralini. Huanzwa kwa kipimo kidogo. Wiki mbili za kwanza zinaweza kukuongezea wasiwasi, na wengi huziacha hapo wakidhani zimewadhuru. Subiri, nafuu yake huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na ukishapona daktari atataka uendelee kwa miezi kadhaa kabla ya kuzipunguza polepole. Kama una ujauzito, unanyonyesha au unatumia dawa nyingine, sema kabla hajaandika. Fluoksetini ni ya zamani, hataza yake Marekani ilikwisha 2001, inatengenezwa na viwanda vingi na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bei hutofautiana, kwa hivyo omba ile isiyo na jina kubwa la kampuni na uulize maduka mawili matatu. Dawa ya mwezi haiwezi kukaribia zile Sh11,000 ulizoziacha hospitalini usiku mmoja.

Kuhusu daizepamu nakusihi. Usiongeze hata kimoja, na usiiache ghafla. Mwili wako umeshaizoea, ndiyo maana nusu imekuwa viwili, na ukiikata kwa siku moja unaweza kutetemeka zaidi na hata kupata kifafa. Mwambie daktari kiasi unachomeza bila kuficha, akupunguzie kidogo kidogo. Mwongozo ule wa Uingereza unasema wazi dawa za jamii hiyo zisitumiwe kutibu ugonjwa huu. Anayekuuzia bila karatasi anakutafutia ugonjwa wa pili.

Pa kuanzia ni dispensari ya serikali iliyo karibu nawe au hospitali ya Likoni. Maliza suala la SHA. Ukisajiliwa, huduma za msingi kwenye dispensari na vituo vya afya vya serikali hutakiwi kuzilipia, na barua ya rufaa itakupunguzia kuhangaika mbele ya safari. Kabla ya kukubali huduma yoyote ya juu, uliza dirishani: SHA inalipa nini, mimi nalipa nini? Kwa afya ya akili watu wa Mombasa wameizoea hospitali ya Port Reitz, na najua umeshaanza kuwaza majirani watasema nini wakisikia umepelekwa Port Reitz. Wacha waseme. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umeshalipa vya kutosha kuyaficha haya kwenye wodi za moyo. Ikiwa siku yoyote utafikia kuona afadhali usiwepo, usingoje kliniki: piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mwamshe mtu wa nyumbani mwende hospitali usiku huo huo.

Maalim wako endelea naye. Dua na matibabu havigombani, na aliyekusomea bila kukutoza amekutendea wema. Kwa mganga, nitakuambia kama ningemwambia binti yangu wa kumzaa: kwanza malizeni matibabu haya. Ugonjwa huu huwa na kawaida ya kupoa wenyewe kwa wiki chache na kurudi, na yeyote uliyekuwa umemlipa wakati unapoa ataonekana ndiye aliyeuponya. Mbuzi mwingine asinunuliwe kwa mkopo wa simu.

Kwenye feri utarudi, lakini si kwa kusukumwa. Mwulize mtaalamu wako mpange pamoja. Mara nyingi huanzia mbali: siku moja unashuka hadi kwenye geti saa nne asubuhi, watu wamepungua, unasimama hapo mpaka hofu ipande na ishuke, bila kukimbia. Ukikimbia hofu ikiwa juu, umeifundisha akili yako kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Siku nyingine unavuka na dadako na kurudi naye. Kisha naye amesimama upande mwingine wa chombo. Kisha peke yako, mwisho kabisa asubuhi yenye msongamano. Moyo utadunda, na hilo si ishara ya kushindwa. Kivuko chenyewe ni dakika chache, na hofu ikipanda itashuka hata kama hukufanya lolote. Najua watu wa Likoni hawaogopi feri bure. Maafa ya feri ya Mtongwe ya 1994 bado yana wafiwa miongoni mwetu. Kama kuna uliyempoteza baharini, au kuna hofu ya zamani uliyonayo ya maji, mweleze mtaalamu, maana itabadilisha namna ya kuanza.

Mpe mumeo barua hii aisome mwenyewe. Baba Watoto, mkeo hakuchagua hali hii kama usivyochagua wewe siku za kukosa kazi getini. Ukimwambia anaigiza, atajificha, na akijificha atakopa bila wewe kujua. Nusura auze cherehani hivi karibuni. Nenda naye kwa daktari, usikie kwa masikio yako. Daktari akishathibitisha kwamba ni hofu, ikimjia kaa naye pale pale, ongea naye taratibu, mwambie itapita, usimpakie tuktuk. Utakuwa umeokoa bili ya usiku, na muhimu zaidi, utakuwa umemwonyesha kwamba mtu anayemwamini haoni kifo mbele yake. Mama mkwe aachiwe mumeo azungumze naye. Hilo si la mke kulibeba.

Yabaki madeni. Mikopo ya simu ndiyo ya kumaliza kwanza, kwa sababu ada zake hazilali, na usichukue mpya kulipa ya zamani. Chama ni watu. Mwendee mweka hazina kabla hajakuita, mwambie umekuwa mgonjwa na unaomba kulipa kidogo kidogo, mkubaliane kiasi na tarehe na kiandikwe kwenye daftari. Ukisharudi kuvuka kwa feri, zile Sh6,000 za mwezi zisiyeyuke jikoni, zipeleke moja kwa moja chamani mpaka deni liishe, kisha ndipo uanze kuweka mtaji. Na yule kijana, kuanzia kesho mhesabie nguo kwa idadi anapochukua na anaporudisha, umlipe kwa kila nguo iliyouzwa badala ya kupokea anachokuletea. Akikataa hesabu, meza mwombe mwenzako wa jirani akushikilie kwa fungu lake mpaka urudi.